Maji ya Rejeta Yanakwenda Wapi?

Wanachama wenye malori wanajua kuwa msimu wa karafuu hauna subira. Lori likikwama njiani na magunia yakanyeshewa, karafuu hushuka daraja na bei hupungua. Ugonjwa mmoja unaokwamisha malori ya zamani ni kupotea maji ya rejeta bila ya tone kuonekana chini. Tumeonelea tuueleze kwa mfano wa malori ya Shinyanga na Geita, huko bara, ambako kazi na nchi yenyewe huutia nguvu.

Malori ya huko hubeba pamba, na kwenye machimbo madogo hubeba mawe ya dhahabu kuyapeleka kwenye karasha. Njia nyingi za machimboni ni za vumbi na mashimo, na mtikisiko hulegeza vibano vya mipira. Tena mji wa Shinyanga uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji yaliyo wazi huchemka hapo kwenye nyuzi 96 hivi, wala si 100 kama kwetu. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni mfuniko wa rejeta, unaoyabana. Springi yake ikichoka, maji hutoka kama mvuke lori likipanda mlima, na dereva akishuka haoni kitu. Basi tuanze na mfuniko, kwani bei yake ni ndogo.

Yafaa kuyatazama na maji yenyewe. Shinyanga ni nchi kame, na visima vyake vingi vina chumvi. Maji ya Ziwa Viktoria yalifika mjini kwa bomba mwaka 2009. Maji ya chumvi hula chuma na kufanya magamba ndani ya injini. Visima vyetu vya karibu na pwani navyo ni vivyo hivyo. Tutumie maji matamu yaliyochanganywa na dawa ya rejeta.

Mfuniko ukiwa mzima na maji yangali yanapungua, tukumbuke kuwa yana njia tatu tu: nje, ndani ya oili, au ndani ya silinda na kutokea ekzosi.

Njia ya nje tuitafute asubuhi, injini ikiwa baridi, kwani yako matundu yanayovuja chuma kikiwa kimejikunja tu, na moto ukiingia hujiziba. Tutandike karatasi kavu chini ya lori usiku. Tutazame alama za kutu au weupe kwenye mipira, na kitundu kilicho chini ya pampu ya maji. Kikilowa, sili ya pampu imekwisha. Fundi mwenye pampu ya kupimia aijaze rejeta upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuniko, aiache nusu saa. Mshale ukishuka, pana tundu.

Njia ya oili hujulikana hivi. Lori lilale usiku kucha, kisha nati ya kumwagia oili ilegezwe polepole. Maji ni mazito kuliko oili, basi kama yamo yatatangulia kutoka. Oili ya rangi ya maziwa ni dalili hiyo hiyo.

Njia ya tatu huonyeshwa na mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta, injini ikiwashwa baridi bila mfuniko. Hapo mafundi wengi hukimbilia kufungua silinda hedi, kazi ya gharama kubwa. Tusikubali upesi. Katika malori mengi kompresa ya breki hupozwa kwa maji ya injini, na gasketi yake ikikatika husukuma upepo ndani ya maji, mapovu yakawa yale yale. Kwanza mipira ya maji ya kompresa ifunguliwe na matundu yake yazibwe, injini iwashwe kidogo tu. Mapovu yakikoma, mgonjwa ni kompresa, na silinda hedi iachwe.

Tahadhari mbili. Mfuniko usifunguliwe injini ikiwa moto, maji huruka na kuunguza uso. Wala yai bichi au unga usitiwe ndani ya rejeta kuziba tundu, kwani huziba na vijia vya maji. Dereva anayeongeza maji kila safari amwambie mwenye lori siku ile ile, kabla magunia hayajapakiwa.