Kibaba Kikijaa, Ziada Huenda Wapi?

Wahenga walitufunza kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hawakutueleza, yamkini kwa kuwa sokoni kila mtu hujionea, kwamba kibaba kikishajaa, kinachozidi kumiminwa humwagika. Ndani ya tarakilishi, hata hivyo, hakuna sakafu. Kinachofurika huingia katika chombo cha jirani na kufuta kilichokuwamo. Kasoro hiyo wataalamu huiita kufurika kwa bafa.

Mwaka jana nilialikwa katika shule moja ya upili kuzungumzia ngeli. Katika chumba cha tarakilishi niliona mashine iliyobandikwa karatasi yenye onyo: “Usisasishe!” Mwalimu mwenyeji akanieleza: “Daktari, humu mna masomo yetu yote ya picha zinazosonga. Tukiweka kivinjari kipya, hayataonekana tena.” Masomo hayo yalitegemea Flash, programu-jalizi ambayo kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Mashine yenyewe ilikuwa imeunganishwa na intaneti. Nilimwelewa mwalimu yule, lakini nilishtuka.

Bafa ni nafasi ya kumbukumbu iliyotengewa data kwa kipimo maalumu. Aghalabu karibu nayo huhifadhiwa anwani inayoielekeza tarakilishi irejee wapi ikimaliza kazi iliyo nayo. Programu isiyopima inachopokea huiacha data ndefu ifurike hadi iifute anwani hiyo, na mshambulizi hodari huipanga data yake ili mahali pale paandikwe anwani aitakayo yeye. Sisi wanaisimu hutofautisha sentensi ya taarifa na sentensi ya amri, hakuna mzawa wa Kiswahili anayechanganya “anafungua mlango” na “fungua mlango.” Tarakilishi huona nambari tu. Kilichopokelewa kama taarifa huweza kutekelezwa kama amri.

Jambo hili si geni. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliachilia mtandaoni programu iliyojieneza yenyewe na kulemaza maelfu ya mashine. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kupeleka baiti 536 katika bafa ya baiti 512. Baiti 24 za ziada zilitosha kuifungua mashine ya mwenyewe.

Kisha zikaja programu-jalizi. Katika miaka ya 1990 kivinjari hakikuweza peke yake kuonyesha filamu wala michezo, kwa hivyo kiliwakaribisha wageni kama Flash, RealPlayer na QuickTime wakifanyie kazi hiyo. Wageni hao waliandikwa kwa kiasi kikubwa katika lugha za C na C++, ambazo humwachia mwandishi wa programu jukumu la kupima. Fauka ya hayo, kwa muda mrefu walifanya kazi kwa mamlaka yale yale ya mwenyeji wao. Penye kasoro, kufungua ukurasa wenye faili iliyotegwa kulitosha kumwingiza mwizi ndani. Ndiyo maana Chrome mwaka 2015, na Firefox mwaka 2017, viliufunga mlango wa programu-jalizi za mtindo wa zamani, ingawa Flash iliachiwa muda zaidi.

Je, walimu watupe kazi yao ya miaka mingi? La hasha. Ipo programu iitwayo Ruffle, inayocheza mafaili mengi ya Flash, nayo imeandikwa katika Rust, lugha iliyobuniwa kuzuia data isivuke mpaka wake. Masomo yatakayokubali yahamishiwe huko. Yatakayokataa yabaki katika mashine ya zamani, ila waya wa intaneti uchomolewe leo, wala si muhula ujao.

Kwenu wanafunzi mnaojifunza kuandika programu, nina ombi moja. Amri iliyompa Morris upenyo huo iliitwa gets: ilipokea maneno bila kuuliza urefu wake. Iliondolewa katika kanuni rasmi za lugha ya C mwaka 2011, miaka 23 baadaye. Msingoje kanuni ziwakumbushe. Kabla ya kumimina, ulizeni kwanza kibaba kina nafasi gani.