KISU CHA KUKUNJA: KAZI YA MIKONO NYUMBANI

Mfugaji wa Leparua, katika Isiolo, hawezi kazi bila kisu. Kamba ya ngamia hukatwa kwacho, ukwato wa mbuzi husafishwa kwacho, na ngozi huchunwa kwacho. Lakini kisu wazi mfukoni ni hatari. Waturkana walilitambua jambo hili zamani: kisu chao cha mviringo, kinachovaliwa kwenye kifundo cha mkono, hufunikwa makali kwa ukanda wa ngozi. Kisu cha kukunja huondoa shida hiyo hiyo, maana mpini wenyewe ndio ala yake.

Katika ukame wa 2020 hadi 2023 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na mifugo mingi ya kaskazini ikafa. Mtu mwenye kazi ya mikono hubakiwa na kitu. Nawe mkulima wa skimu, kiangazi kikifika, waweza kuijaribu kazi hii.

VYOMBO. Jiko la makaa na mvukuto, nyundo, koleo, jiliwa, msumeno wa chuma, tupa, keekee, sumaku na jiwe la kunolea vyatosha. Kipande cha reli ni fuawe nzuri. Bapa litoke katika tupa kuukuu. Nondo haishiki makali. Usichome bati la zinki, kwani moshi wake ni sumu. Vaa miwani.

KWANZA. Kata mfano kwa karatasi ngumu, bapa na mpini, uviunganishe kwa pini. Fungua na kufunga mpaka vikae sawa. Kosa la karatasi halina hasara.

PILI. Tia tupa kuukuu motoni mpaka iwe nyekundu, kisha uifukie katika majivu usiku kucha ili ilainike. Kata umbo la bapa, ukiacha mkia mfupi nyuma ya mahali pa tundu. Kisu kikifungwa, mkia hutokeza nje ili kidole kikifungue. Kikiwa wazi, mkia hulala juu ya mpini na kushikwa na kiganja. Kisu cha namna hii hakina kamani, nacho chamfaa anayeanza.

TATU. Toboa tundu sasa hivi. Wengi hutia matiko kwanza, ndipo wakumbuke tundu. Keekee haitoboi chuma chenye matiko, na kazi yote huwa bure.

NNE. Pasha bapa mpaka sumaku isinase, ongeza moto kidogo, kisha lichovye wima katika mafuta ya kupikia yenye joto kidogo. Mafuta huweza kuwaka: fanya kazi nje, mbali na nyasi, na weka kifuniko karibu. Sasa bapa ni gumu, lakini huvunjika kama kioo. Ling'arishe, ulipashe polepole upande wa mgongo mpaka lipate rangi ya majani makavu, uliache lipoe.

TANO. Mpini uwe vipande viwili vya mti mgumu au vya pembe ya ng'ombe. Pembe ya kifaru na ya ndovu zimekatazwa na sheria ya wanyamapori ya 2013. Unapogonga msumari wa kuunganisha, weka karatasi yenye mafuta kando ya bapa, kisha uitoe. Bapa lisianguke lenyewe, wala lisihitaji meno kulifungua.

Wamaasai na Wasamburu tangu zamani waliwatenga wahunzi wao, hata katika kuoana, ingawa mikuki yao ilitoka kwa wahunzi hao. Dharau hiyo haina faida. Kazi ni kazi.

Kisu cha kwanza usikiuze. Kitumie mwenyewe miezi mitatu. Msumari usipolegea, ndipo utengeneze cha jirani. Kisu kibaya kimoja, kikimkata mtu kidole, hufukuza wanunuzi kumi.