UKOMA: YAMPASAYO MWANAFUNZI WA UTABIBU KUYAJUA

Katika pande za Meru na Embu, chini ya Mlima Kenya, mna vyuo na hospitali ambamo vijana wengi hufundishwa kazi ya uuguzi na utabibu. Kila siku huwaona wagonjwa wa homa, wa kifua kikuu na wa vidonda. Lakini huenda wakamaliza masomo yao bila kumwona mgonjwa wa ukoma hata mmoja. Sababu yake ni njema: ugonjwa huu umepungua sana katika Kenya, na wagonjwa wapya walio wengi hutokea pande za Pwani na za Ziwa Victoria. Walakini heri hiyo ina hatari ndani yake. Mtu mmoja wa Tharaka au wa Mbeere akiupata ukoma, kisha akakutana na mwuguzi asiyeujua, au aujuaye na kuuogopa, huenda akapoteza vidole vyake bure.

Ukoma watokana na nini?

Watu wa kale walidhani ukoma ni laana au uchawi. Hata wataalamu walikosea. Katika mji wa Bergen, nchi ya Norway, Daktari Danielssen, bingwa wa ugonjwa huu katika zama zake, alifundisha kwamba ukoma ni wa kurithi. Mwaka wa 1873 daktari kijana aliyefanya kazi pamoja naye, Gerhard Armauer Hansen, aliona kwa hadubini vijidudu vinavyouleta.

Vijidudu hivyo hutoka hasa puani na kinywani mwa mgonjwa asiyetibiwa. Huambukiza polepole sana, na watu walio wengi wana nguvu ya mwili ya kuvishinda. Wenye hatari zaidi ni wale wanaokaa karibu na mgonjwa huyo kwa muda mrefu. Kumshika mkono, kula pamoja naye au kuketi naye katika benchi moja hakuleti ukoma.

Jinsi ya kuutambua

Dalili ya kwanza mara nyingi ni baka katika ngozi, jeupe kidogo au jekundu, lisilowasha wala kuuma. Hapo ndipo wengi hudanganyika, wakidhani ni choa, wakapaka dawa miezi na miezi. Kumpima mgonjwa si kazi ngumu. Mwambie afumbe macho, uliguse baka kwa ncha ya pamba, naye aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Ikiwa hahisi, ushuku ukoma. Kisha upapase mishipa ya fahamu penye kiwiko na penye goti, uone kama imevimba au inauma.

Ganzi hiyo ndiyo mwanzo wa ulemavu. Mama huipua sufuria ya moto asijue kwamba anaungua; mkulima huchubuka kwa mpini wa jembe, akaendelea kulima. Vidonda vikioza, vidole hupotea. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, hayo yote huweza kuzuiwa.

Dawa ipo

Tangu mwaka wa 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza dawa kadhaa zitumiwe pamoja, nazo ni rifampisini, dapsoni na klofazimini. Mwenye vijidudu vichache hutibiwa kwa miezi 6, na mwenye vingi kwa miezi 12. Tangu 1995 dawa hizi hutolewa bila malipo. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba mkojo wake utakuwa mwekundu na ngozi yake huenda ikawa nyeusi zaidi, asije akashtuka na kuziacha. Muda mfupi baada ya kuanza kuzimeza, huwa hawezi tena kuambukiza wenzake.

Maarifa na moyo

Katika miaka ya 1950 maarifa mengi ya ukoma yalikuwa Alupe, karibu na Busia, palipokuwa na hospitali na kituo cha uchunguzi wa ugonjwa huu. Siku hizi mgonjwa hutibiwa karibu na kwao, akilala nyumbani mwake. Kwa hiyo yaliyokuwa kazi ya wataalamu wachache sasa ni wajibu wa kila mwuguzi katika kila zahanati.

Lakini maarifa peke yake hayatoshi. Mwanafunzi aweza kujibu vizuri maswali yote ya mtihani, kisha siku ya kazi akasimama mbali na mgonjwa na kumwita “mkoma” mbele ya watu. Mgonjwa aliyetahayarishwa hivyo harudi tena. Hujificha, na jamaa zake hawachunguzwi. Woga wa mwuguzi mmoja huweza kuuacha ugonjwa katika nyumba nzima.

Basi kijana anayejifunza kazi hii na azoee kumsalimu mgonjwa kwa mkono, kumwita kwa jina lake, na kumweleza bila kumficha kwamba atapona. Nawe msomaji, ukiona katika mwili wako au wa mtoto wako baka lisilo na hisia, usingoje. Nenda hospitali leo, kwa maana kidole kikiisha kupotea hakirudishwi na dawa yo yote.