TAARIFA ZA WATOTO WENYE MARADHI YA MOYO: UMUHIMU WA KUZIWASILISHA KWA WAKATI

Watumishi wa umma na wananchi kwa jumla wanakumbushwa kwamba daftari la wagonjwa ni sehemu ya tiba. Jambo hili huonekana wazi zaidi katika huduma za watoto wenye maradhi ya moyo, ambao kwao kuchelewa kwa karatasi moja kunaweza kumfungia mtoto mlango wa matibabu.

Inakadiriwa kuwa takriban mtoto 1 katika kila watoto 100 huzaliwa na kasoro ya moyo. Baadhi ya kasoro hizo ni ndogo na hazihitaji upasuaji. Lakini mtoto mwenye tundu kubwa baina ya vyumba vya moyo hupeleka damu nyingi mno kwenye mapafu, na mishipa ya mapafu hukakamaa kadiri muda unavyopita. Ikishafikia hatua hiyo, upasuaji haumfai tena. Watoto wengine huharibikiwa na valvu za moyo kutokana na homa ya rumatiki, ambayo hufuata maradhi ya koo yasiyotibiwa ipasavyo. Hawa huhitaji sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi.

Hapana budi kutofautisha aina mbili za taarifa. Taarifa za MTUHA, ambazo vituo vya afya Tanzania Bara hupeleka wilayani kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, huhesabu wagonjwa. Rejista ya wagonjwa, kwa upande wake, humfuata mtu mmoja mmoja: lini aligunduliwa, lini alipewa rufaa, lini alipasuliwa na hali yake siku 30 baadaye. Hesabu iliyochelewa huharibu mipango. Rejista iliyochelewa humpoteza mtoto.

Mfano wa Bonde la Kilombero

Mazingira ya Mbingu, katika Bonde la Kilombero, yanaeleza tatizo hili vizuri. Mtoto wa huko anayeshukiwa kuwa na maradhi ya moyo huanzia kituo cha karibu, hupelekwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara, na akihitaji upasuaji husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Wakati wa masika mafuriko huvuruga njia za bonde, na familia nyingi huhamia kwa muda kwenye mashamba ya mpunga yaliyo mbali na vijiji. Endapo kila kituo kitaandika katika kitabu chake na kungoja mwisho wa mwezi, hakuna atakayejua kuwa mtoto aliyepewa rufaa hakufika.

Bonde hilohilo lina ushahidi wa faida ya kumbukumbu za wakati. Kuanzia mwaka 1996, kituo cha utafiti cha Ifakara kilianzisha mfumo wa kufuatilia kaya za wilaya za Kilombero na Ulanga. Wadadisi walirudi katika kila kaya kila baada ya miezi 4 wakiandika uzazi, vifo na uhamiaji. Lau wangengoja miaka kadhaa, tarehe zingesahaulika, na vifo vya watoto wachanga vingekuwa vya kwanza kuachwa. Kwa kuwa tarehe zilikuwapo, iliwezekana kuonyesha mwaka 2001 kwamba matumizi ya vyandarua vyenye dawa yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4.

Katika maradhi ya moyo pia uzoefu upo. Rejista ya homa ya rumatiki iliyoandikisha wagonjwa 3,343 katika nchi 14, zikiwamo Kenya, Uganda na Rwanda, baina ya 2010 na 2012, ilionyesha kuwa asilimia 16.9 walifariki katika muda wa miaka 2. Aidha, hospitali 28 za nchi 17 zilizokuwa zikipeleka matokeo ya upasuaji wa moyo wa watoto katika rejista ya pamoja zilipunguza vifo na maambukizo katika kipindi hichohicho, kwa kuwa kila hospitali ilirejeshewa matokeo yake na kujirekebisha.

Hatua zinazofaa kuzingatiwa

(i) Taarifa iandikwe siku ileile mgonjwa anapoonwa, wala isiachwe hadi mwisho wa mwezi.

(ii) Kila kituo kiwe na mtumishi mmoja mwenye dhamana ya rejista na mwengine wa kumshikia nafasi anapokuwa likizoni.

(iii) Yaulizwe mambo machache yenye manufaa. Fomu ndefu hujazwa nusu au haijazwi kabisa.

(iv) Kituo kinachotoa rufaa kiarifu kwa simu siku hiyohiyo, na hospitali inayopokea ijibu kuwa mtoto amefika au hakufika.

(v) Majina ya watoto waliopitisha tarehe ya sindano au kliniki yatolewe kila wiki ili wafuatiliwe majumbani, kwa kuhifadhi siri ya mgonjwa.

(vi) Vituo virejeshewe matokeo. Mtumishi asiyeona matunda ya anachoandika huacha kuandika.

Wazazi nao wana wajibu. Wanashauriwa kutunza kadi ya mtoto, kutoa namba ya simu inayopatikana, na kuarifu kituo wanapohama, hata kama ni kwa msimu wa kilimo tu.

Kwa wakazi wa visiwani somo hili si geni, kwani bahari nayo hutenganisha zahanati na hospitali kubwa kama mafuriko yanavyotenganisha Mbingu na Ifakara. Mgonjwa anapovuka, taarifa yake haina budi kuvuka kabla yake.