Malipo ya Mara Moja, Lawama za Kudumu: Mwigizaji wa Kike na Pwani ya Kusini (Sehemu ya Pili)

Mwigizaji wa kike wa filamu nchini Tanzania hukabiliwa na matatizo mawili yanayolishana: fedha na jina. Fedha humfikia mara moja, siku kazi inaponunuliwa. Jina huendelea kujadiliwa miaka mingi baada ya fedha hiyo kwisha. Kwa binti aliyezaliwa Mtwara, Mikindani au Msimbati, kuelekea mdomo wa Mto Ruvuma, huongezeka mengine mawili, nayo ni umbali na lafudhi.

Filamu zinazoitwa Bongo Movie zilizaliwa Dar es Salaam, zikirithi wasanii wa vikundi vya maigizo ya televisheni. Mojawapo ya kazi zilizofungua njia ni Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson na kumtangaza Yvonne Cherrie, maarufu kwa jina la Monalisa. Mwaka huohuo ndipo Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Mto Rufiji. Kabla ya hapo, msafiri wa kutoka Mtwara wakati wa masika aliweza kukwama njiani kwa siku kadhaa. Ina maana kwamba tasnia ilipokuwa ikijijenga, kusini ilikuwa karibu kisiwa, nayo ikaingia katika biashara hii kama mtazamaji: filamu zilifika zikiwa tayari ndani ya kasha, zikaonyeshwa kwenye vibanda vya video. Wenye kamera mjini Mtwara walikuwa wapiga picha za harusi.

Hata leo, lami ikiwa imefika, anayetaka kuigiza hupanda basi kwa safari ya kilomita zipatazo 560, akafikia kwa ndugu Mbagala na kuanza kusubiri kuitwa lokesheni. Kusubiri huko ndiko kwenye hatari kubwa kuliko zote. Hana mkataba wala wakala, na nauli ya kurudi pengine hana. Anayegawa nafasi analijua hilo. Kumtaka kimapenzi mtu ili apewe kazi ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, lakini kesi huhitaji mlalamikaji, na mlalamikaji anajua kuwa waongozaji wa mjini wanafahamiana. Ukimya wa aina hii hauko Dar es Salaam peke yake. Lupita Nyong'o, Mkenya aliyetwaa tuzo ya Oscar mwaka 2014, alisubiri hadi Oktoba 2017 ndipo akaandika katika gazeti la New York Times jinsi mtayarishaji Harvey Weinstein alivyomsumbua miaka kadhaa nyuma. Kama yeye alihitaji muda wote huo, si ajabu binti wa Mbagala kukaa kimya.

Kipaji hakijawahi kuwa tatizo la kusini. Katika unyago wa Wamakonde, Wamakua na Wayao, wanawake huimba, hucheza na kuigiza mambo ya ndoa kwa ustadi ambao mwongozaji yeyote angeutamani. Tamasha la MaKuYa, lililoanzishwa Mtwara mwaka 2008, limezileta ngoma za makabila hayo jukwaani. Ila unyago wenyewe ni wa wanawake, nao hufanyika mbali na macho ya wanaume. Katika midimu, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, hata kinyago cha mwanamke kwa desturi huchezwa na mwanamume. Kinacholeta ugomvi nyumbani binti anapotaka kuigiza filamu, basi, ni macho ya wageni zaidi kuliko uigizaji wenyewe. Na kwa kuwa jamii hizi kwa asili hufuata ukoo wa mama, binti akishamridhisha baba yake bado atakuwa na mjomba wa kumshawishi.

Kwa mwanamume mambo ni mepesi. Rashid Kawawa, mtu wa kusini, aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu, na hakuna aliyemuuliza kuhusu filamu ile. Kwa upande wa wanawake, Jokate Mwegelo, mshindi wa pili wa Miss Tanzania 2006 aliyepita pia kwenye filamu, aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe mwaka 2018. Basi njia haijafungwa kabisa. Lakini Oktoba ya mwaka huohuo Bodi ya Filamu ilimfungia Wema Sepetu, mshindi wa shindano lile la 2006, asijihusishe na filamu kwa muda usiojulikana. Sababu ilikuwa picha za faragha zilizosambaa mtandaoni. Hakuna filamu yake iliyohusika.

Mashindano ya urembo yametajwa kwa makusudi. Irene Uwoya naye alishiriki shindano hilohilo la 2006. Tasnia ilipoanza kuchota nyota kutoka huko, ilichota pamoja nao kipimo cha sura: weupe, wembamba, nywele ndefu. Mwenye ngozi nyeusi ya kusini na lafudhi ya Kimakonde hupewa zaidi nafasi ya mfanyakazi wa ndani au mshamba wa kuchekwa, kama vile vichekesho vya siku nyingi vilivyompa Mmakonde kazi ya ulinzi. Wapo wanaokimbilia mkorogo, ingawa vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Huko Marekani ubaguzi una historia nyingine: Hattie McDaniel alipokuwa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, mwaka 1940, alikalishwa meza ya pembeni, na nafasi iliyompa tuzo ilikuwa ya mtumishi wa nyumbani. Tanzania waigizaji karibu wote ni weusi, na bado weusi umepangwa madaraja.

Yote haya yangevumilika kama kazi ingelipa. Katika enzi ya kanda na diski, msambazaji alinunua filamu moja kwa moja, mtayarishaji akagawa alichogawa, na maharamia wakadurufu iliyobaki. Nyota aliyeishiwa hugeuza umaarufu kuwa mtaji: matangazo, duka la nguo, kurasa za mitandaoni. Umaarufu wa namna hiyo hulishwa na habari za maisha yake binafsi, na habari hizo ndizo zinazompeleka mbele ya Bodi na midomo ya watu.

Tamthilia za televisheni zimeleta nafuu kidogo, kwa kuwa mwigizaji hupata kazi ya miezi mfululizo. Jua Kali, inayoongozwa na mwanamke, Leah Mwendamseke maarufu kama Lamata, ni mfano. Lakini nafuu ya kudumu iko kwenye karatasi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji kuwa mwenye haki katika uigizaji wake. Msichana anayetoka Mtwara asome mkataba kabla ya kutia saini, adai nakala yake, na aulize atalipwa nini kazi hiyo itakaporudiwa kuonyeshwa.