Simu inasema 7:00, mdomo unasema saa moja: nani yuko sahihi?

Tiketi ya ndege imeandikwa 03:00. Abiria anaitupia jicho, kichwani inaingia "saa tatu", anaweka begi karibu na mlango na kulala zake. Saa tatu asubuhi anafika uwanjani, kumbe ndege iliondoka saa tisa usiku. Yeye alikuwa anakoroma.

Kasheshe ya aina hii haitokani na uzembe tu. Mtu anayeongea Kiswahili anaishi na saa mbili kwa wakati mmoja: moja ipo kwenye kioo cha simu, nyingine ipo mdomoni. Zinapishana kwa sita. Kwenye saa ya mishale kuna ujanja ambao wengi waliufundishwa utotoni: usisome namba inayoguswa na mshale mfupi, soma ile inayotazamana nayo upande wa pili. Mshale ukiwa kwenye 7, mkabala wake ni 1, basi ni saa moja. Simu haina ujanja huo. Hata lugha ya simu ikibadilishwa kuwa Kiswahili, tarakimu zinaendelea kuhesabu kuanzia usiku wa manane, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Na ukifikiria vizuri, usiku wa manane ni mahali pa ajabu pa kuanzia siku. Hakuna kinachoonekana. Jua halipo, watu wamelala. Saa ya mdomoni inaanza pale ambapo kila mtu anaona kwa macho yake kwamba kuna jambo limebadilika: jua limetoka, au jua limezama. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga kutimia. Saa moja usiku ni saa ya kwanza ya giza kutimia.

Ikweta ndiyo iliyoilea

Swali ni kwa nini mtindo huu umedumu Afrika Mashariki hadi zama za simu janja. Jibu kubwa liko kwenye umbo la dunia.

Jijini London, siku ndefu ya Juni ina mwanga kwa zaidi ya masaa 16 na nusu, na siku fupi ya Desemba haifikishi hata masaa manane. Mtu wa huko akisema "saa moja baada ya jua kutoka", hajasema kitu mpaka ataje na mwezi. Nairobi, ambayo iko karibu kabisa na ikweta, mchana ni masaa 12 na dakika chache, mwaka mzima. Dar es Salaam ni hivyo hivyo, ila inayumba kidogo zaidi: jua huchomoza mapema zaidi mwezi Novemba, kama dakika tano kabla ya saa kumi na mbili, na huchelewa zaidi mwezi Julai, kama saa kumi na mbili na dakika 36. Yaani mwaka mzima tofauti haifiki saa moja. Kwa kazi za shamba, soko na bahari, jua la namna hiyo ni saa ya kutosha.

Hata machweo ya huku yana tabia yake. Karibu na ikweta jua linashuka karibu wima, kama jiwe linalodondoka kisimani, na mwanga unaobaki baada ya kuzama hudumu kama dakika 20 tu. Kaskazini ya mbali jua linazama kwa mshazari, na utusitusi unaendelea muda mrefu. Ndiyo maana mgeni kutoka Ulaya hushangaa: aliacha jua linawaka, akaingia dukani kununua maji, akatoka kukiwa na giza. Mpaka kati ya mchana na usiku hapa una makali, na saa inayohesabiwa kutoka kwenye mpaka huo inaeleweka.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata watu makini. Kama mchana wa Nairobi haubadiliki, mbona mwezi Februari jua linachelewa kutoka, na Novemba linawahi? Tofauti ni kama nusu saa. Sababu ni kwamba jua lenyewe si saa nzuri sana. Dunia haizunguki jua kwa duara kamili. Januari inakuwa karibu zaidi na jua na inakimbia kasi zaidi, Julai inakuwa mbali na inakwenda taratibu. Ongeza na ule mwinamo wa dunia, unapata jua linalotangulia saa ya ukutani kwa dakika 16 mwanzoni mwa Novemba, na kubaki nyuma kwa dakika 14 katikati ya Februari. Saa za ukutani hutumia wastani.

Waliojaribu wakaacha

Waswahili hawakuwa peke yao. Ethiopia mpaka leo wanahesabu hivi hivi, saa moja yao ni saa moja yetu. Katika dola ya Uthmaniyya, watu walirekebisha saa zao kila jioni ili zisome 12 jua linapozama. Tatizo ni kwamba Istanbul iko mbali na ikweta, machweo yanahama sana kati ya kiangazi na baridi, kwa hiyo saa isiyorekebishwa ilipotea njia haraka. Mwaka 1925 Uturuki ikapitisha sheria ya kutumia saa inayoanzia usiku wa manane, na mtindo wa zamani ukafa. Ikweta ingewapa nafuu.

Warumi nao waligawa mchana sehemu 12, na hapo ndipo Kiswahili kinapowapa wasomaji wake faida ya bure. Injili zinasema Yesu alipokuwa msalabani giza lilitanda tangu saa sita mpaka saa tisa. Mswahili anaelewa papo hapo: kuanzia mchana katikati mpaka alasiri. Msomaji wa Kiingereza anahitaji maelezo pembeni. Vivyo hivyo kwenye mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu: walioajiriwa saa kumi na moja wamefanya kazi kwa saa moja tu, maana saa kumi na mbili jua linazama. Kiingereza kilichukua ile "saa ya kumi na moja" kikaigeuza msemo wa dakika za mwisho, na wengi wanaoutumia hawajui kwa nini ni kumi na moja. Neno lao la adhuhuri, "noon", lenyewe lilitoka kwenye Kilatini likimaanisha saa ya tisa, kisha likateleza taratibu mpaka likatua mchana katikati.

Ijumaa inaanza lini?

Pwani mambo yanaenda mbali zaidi, kwa sababu si saa tu, hata siku yenyewe huanza magharibi. Mzee wa Unguja au Lamu akisema "usiku wa Ijumaa" anaweza kumaanisha usiku ambao wengine wanauita Alhamisi usiku. Vyombo vya habari vilishaona hatari hiyo, ndiyo maana vinaandika "usiku wa kuamkia Ijumaa". Maneno yanaonekana mengi, lakini yanazuia ugomvi.

Wiki nayo ina kituko chake. Kwa kuwa Ijumaa ni siku ya sala ya pamoja, hesabu inaanza kesho yake: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ambayo ni ya tano. Kisha inakuja Alhamisi, neno la Kiarabu ambalo nalo maana yake ni ya tano, kwa sababu Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili. Wiki ya Kiswahili ina siku mbili za tano zilizofuatana, na hakuna anayelalamika.

Dawa, tiketi na alamu

Kwa mambo ya hatari, mpishano wa saa si wa kuchekea. Mgonjwa akiambiwa ameze dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kisha mjukuu akaweka alamu ya simu kwenye 2:00, simu italia saa nane. Kwa dawa zinazotakiwa kumezwa kwa muda uleule kila siku, hilo ni kosa linalojirudia kimyakimya. Kinachosaidia ni kuandika namba pamoja na neno: "saa 2 usiku (20:00)". Kwa tiketi ya basi, swali la kawaida "saa ya Kiswahili au ya Kizungu?" bado ni la busara.

Na saa ya mdomoni nayo ina mipaka yake. Tanzania nzima inatumia saa moja rasmi, lakini jua halisomi sheria. Kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika nne, na kati ya Dar es Salaam na Kigoma kuna nyuzi zaidi ya tisa, yaani dakika 39 hivi. Mwezi Julai jua la Kigoma huchomoza saa moja ikiwa imeshapita. Mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu kuwahi shule anatembea gizani, wakati mwenzake wa Dar anaona mwanga.

Dereva wa lori akivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, simu yake inadaka mtandao mpya na kurudi nyuma saa nzima, jua halijasogea. Ila Rwanda, ambako nao husema "saa moya" simu ikisoma 7:00, jua na mdomo vinaelewana kuliko Dar: Kigali iko karibu kabisa na nyuzi 30 Mashariki, mstari ambao saa yao rasmi inaufuata. Huko, kwa wastani wa mwaka, saa sita ikigonga, jua liko utosini kweli.