Petroli kwenye madumu: mambo ambayo kamati za sharika zinapaswa kuyajua

Katika ziara ya kukagua miradi ya pwani robo hii, ofisi ya miradi ilikuta dumu la njano la mafuta ya kula, la lita 20, ndani ya stoo ya mtaa mmoja. Lilikuwa limejaa petroli hadi mdomoni. Kifuniko kilikuwa kimepotea, mahali pake pamezibwa kwa kipande cha nailoni, na hatua chache kutoka mlangoni akina mama walikuwa wakipikia semina kwa jiko la mkaa. Aliyeliweka hakuwa mzembe. Mafuta yalikuwa ya jenereta na ya pikipiki ya mwinjilisti, kituo kiko mbali, na nauli ya kufuata mafuta kila mara haimo katika bajeti yoyote. Sehemu ya kosa ni yetu wenyewe, maana tulitoa jenereta bila chombo cha kuhifadhia mafuta yake.

Huku kwetu kuishi bila dumu ni vigumu. Vituo vya mafuta vimefuata barabara kuu na miji, kama Nangurukuru, Kilwa Masoko na Lindi mjini, lakini mvuvi wa Songo Songo hupelekewa petroli kwa chombo. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Kilwa, na magari yakakwama. Kwa hiyo anayeweka akiba ana sababu yake. Tunachouliza ni jinsi anavyoiweka.

Kinachowaka si petroli yenyewe bali mvuke wake. Dizeli hutaka joto la zaidi ya nyuzi 50 hivi ndipo itoe mvuke wa kutosha kushika moto. Petroli huutoa hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse mchana wa Kilwa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupai, bali hutambaa sakafuni mpaka ukute jiko, na ndani ya boti hushuka kwenye ngama na kutulia humo mpaka cheche ya kuwashia mashine iufikie. Sehemu moja na nusu tu ya mvuke katika mia ya hewa yatosha kulipuka. Watu waliokimbilia lori la mafuta lililopinduka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, wakiwa na madumu mikononi, hawakuona moto wowote walipokuwa wakichota. Waliokufa walizidi 100.

Petroli pia huvimba kwa joto. Lita 20 zilizojazwa alfajiri kwenye nyuzi 25 zikifika nyuzi 45 juani huongezeka karibu nusu lita, nazo zitatafuta pa kutokea. Jaza lita 19, uache nafasi. Wakati wa kujaza, dumu liwe chini ardhini na mdomo wa pampu uliguse, kwa sababu mafuta yanayotiririka huzalisha umeme tuli. Tusijaze dumu likiwa juu ya pikipiki, ndani ya boti au kwenye gari. Dumu la mafuta ya kula halifai kabisa: kifuniko chake hakikutengenezwa kuzuia mvuke, na jua huidhoofisha plastiki yake. Wala dumu la petroli lisipandishwe kwenye basi la abiria, hata kondakta akikubali.

Upo ushauri uliotolewa na baadhi ya kamati kwamba usharika uuzie bodaboda petroli kwa chupa ili kutunisha mfuko. Hapana. Chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, biashara hiyo yahitaji leseni ya EWURA. EWURA ina utaratibu wenye masharti nafuu kwa vituo vya vijijini, na kikundi chenye nia ya kweli kianzie huko.

Baadhi ya wafadhili wameuliza kiasi gani kinafaa kuwekwa. Uingereza huruhusu nyumbani lita 30 bila kutoa taarifa, dumu la plastiki lisizidi lita 10 na la chuma lisizidi 20. Sisi tumeamua dumu moja la chuma la lita 20 kwa kila kituo, katika kibanda cha peke yake chenye matundu chini ya ukuta, mbali na jiko, zahanati na nyumba ya ibada. Liandikwe PETROLI kwa herufi kubwa. Isimiminwe kwenye chupa ya maji, maana mtoto hasomi. Aliyemeza asitapishwe, kwa kuwa yakiingia mapafuni huua. Apelekwe zahanati mara moja. Kunyonya kwa mdomo kwa mpira nako ni hatari hiyo hiyo. Moto wake hauzimwi kwa maji, ambayo huusambaza tu, bali kwa mchanga au kizimamoto cha unga, na namba ya Zimamoto ni 114.

Kila kamati yenye jenereta, pikipiki au boti iandike katika taarifa ya robo ijayo inatumia lita ngapi kwa wiki na inaziweka wapi. Dumu la chuma na kizimamoto vitaingizwa katika bajeti ya kila mashine mpya kuanzia sasa. Zile zilizokwisha kutolewa bila vifaa hivyo, tunawaomba wafadhili watusaidie kuzikamilisha, tukianza na mitaa inayofikiwa kwa boti.